Mass Effect 3: uzoefu wangu, na ubishi wa nyumbani ambao haujaisha

Mchezo huu nimeumaliza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012, kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, wiki chache baada ya kampuni ya BioWare kuutoa tarehe 6 Machi. Mara ya pili niliucheza kupitia Legendary Edition, mkusanyo wa michezo yote mitatu ya mfululizo huo uliotolewa tarehe 14 Mei 2021. Kati ya mara hizo mbili kuna ubishi wa miaka mingi baina yangu na mdogo wangu, ambaye anauona mchezo wa tatu kuwa bora kuliko miwili iliyoutangulia, wakati mimi kwa muda mrefu niliuona kama safari nzuri iliyoharibiwa na dakika kumi za mwisho. Ninaandika kwa sababu kuucheza kwa mara ya pili, tena kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuijaribu, kumenifanya nielewe ubishi wetu ulitoka wapi hasa.

Kwa asiyeufahamu, mfululizo huu unamhusu Kamanda Shepard, mwanajeshi ambaye mchezaji humchagulia jinsia, sura na historia yake, katika galaksi ambayo wanadamu ni wageni wapya miongoni mwa viumbe waliotangulia kusafiri angani. Kila baada ya takriban miaka 50,000 mashine kubwa ziitwazo Reapers hurudi na kuvifyeka vizazi vyote vilivyostaarabika. Mchezo wa kwanza, uliotoka mwaka 2007, unagundua hatari hiyo. Wa pili, wa mwaka 2010, unakusanya kikosi. Na wa tatu unaanzia siku ambayo Reapers wanaishukia Dunia, pale Vancouver, na Shepard analazimika kuikimbia ili akaombe msaada kwa mataifa mengine ya anga, ambayo mengi yana vita vyao na vinyongo vya karne nyingi.

Jambo lililoutofautisha mfululizo huu na mingine ni faili ya kumbukumbu. Uamuzi uliofanya mwaka 2007 ulihifadhiwa, ukaupeleka katika mchezo wa pili, kisha wa tatu, na watu uliowaokoa wakakukuta huko wakiwa hai, au usiwakute. Mimi nilibeba faili yangu kwenye flashi kwa miaka minne, nikaiombea heri kila umeme ulipokatika, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na Wrex, mbabe wa kabila la krogan, ambaye pale kwenye sayari ya Virmire alinielekezea bunduki na nikafanikiwa kumtuliza kwa maneno. Wachezaji wengi walimpoteza hapo.

Mdogo wangu hakuwa na Wrex. Alikutana na mfululizo huu kwenye PlayStation 3, na mchezo wa kwanza haukufika kwenye mashine hiyo hadi Desemba 2012, miezi tisa baada ya wa tatu. Alianzia kwenye kibanda cha kulipia kwa saa, ambako faili yake ilifutwa na mtoto aliyehitaji nafasi ya kuhifadhi ligi yake ya mpira, jambo ambalo mpaka leo hulisimulia kama msiba. Baadaye alinunua diski iliyotumika, akaanza moja kwa moja na mchezo wa tatu bila kumbukumbu yoyote. Anayeanza hivyo hupewa historia ambayo waundaji wamemchagulia, na katika historia hiyo Wrex ameshakufa.

Tofauti hiyo tulikuwa tukiipuuza, na nadhani wengi waliobishana kuhusu mchezo huu tangu mwaka 2012 waliipuuza pia. Mfano ulio wazi zaidi ni sehemu ya Tuchanka, sayari ya krogan, ambayo kwangu ndiyo kilele cha mfululizo wote. Krogan walipandikizwa ugonjwa uitwao genophage, unaofanya mimba zao nyingi mno zisizae kiumbe hai, baada ya kuonekana kwamba wanaongezeka na kuteka galaksi. Sasa wanahitajika vitani, na sharti lao ni tiba. Daktari Mordin, wa kabila jingine la anga liitwalo wasalarian, anayezungumza kwa kasi ya mtu aliyechelewa basi, ambaye zamani alishiriki kuuimarisha ugonjwa huo, anataka kuitoa. Kiongozi wa wasalarian, kwa upande wake, anamnong'oneza Shepard kwamba akiihujumu tiba hiyo kimyakimya, atapewa msaada wa jeshi lao, na krogan hawatajua kuwa wamedanganywa.

Katika mchezo wangu uamuzi haukuwa na ugumu. Wrex alikuwa hai, mwenye busara, akitaka kuwaunganisha watu wake. Eve, mwanamke wa krogan aliyebeba matumaini ya tiba, alipona, kwa sababu katika mchezo wa pili nilikataa kuziharibu takwimu za majaribio ya kikatili yaliyofanywa na mwanafunzi wa Mordin. Mordin alipanda mnara akijua hatashuka, na nilibaki nimeshika kipanya bila kukisogeza.

Mdogo wangu, alipokuwa akinisikiliza nikisimulia hayo kwa mara ya kumi, aliniuliza: "Kaka, hivi wewe ungempa Wreav watoto wa kujaza sayari nzima?" Kwa kuwa Wrex hayupo, krogan wake waliongozwa na Wreav, ndugu yake Wrex, ambaye kazi yake ni kulipiza kisasi na kuorodhesha nani atafuata. Takwimu zilikuwa zimeharibiwa, hivyo Eve alikufa, na hakubaki mtu wa kumzuia. Katika hali hiyo inawezekana kumshawishi Mordin mwenyewe kwamba tiba isitolewe, naye akashuka salama. Mdogo wangu alifanya hivyo, na hadi leo anaamini aliiokoa galaksi na vita ijayo. Kwa miaka mingi nilimwona mtu asiye na huruma. Baada ya kucheza kama yeye, sina hoja nzito ya kumpinga.

Ndivyo nilivyofanya katika mara yangu ya pili: nikaanza na mchezo wa tatu peke yake, bila kuleta faili, nikiwa na nia ya kuona alichokiona. Nilichokutana nacho Rannoch kilinishangaza zaidi kuliko Tuchanka. Huko quarian, waliofukuzwa kwenye sayari yao na mashine walizoziunda wenyewe, yaani geth, wamerudi kupigana. Mwaka 2012 nilifanikiwa kuwapatanisha, lakini amani hiyo inategemea mambo mengi ya nyuma: Tali, mquarian, na Legion, geth, wote wa kikosi cha Shepard, wawe wametoka hai kwenye mchezo wa pili, nawe uwe umetenda mambo kadhaa kwa ajili yao kwa namna fulani. Asiye na historia hiyo hawezi kuifikia. Lazima upande mmoja uangamie mbele ya macho yake, na niliposimama pale nikalazimika kuchagua, nilipata hasira ile ile niliyokuwa nayo kuhusu mwisho wa mchezo, ila safari hii hasira ilinisaidia kuelewa.

Kwa sababu mwisho wenyewe ndio huu. Baada ya vita vya London, Shepard anafika mahali ambako kiumbe mwenye sura ya mtoto anamweleza kwamba Reapers waliundwa kuzuia hatari moja: mashine na viumbe waliozaliwa lazima waangamizane siku zote. Kisha anampa njia tatu, kuwaangamiza Reapers pamoja na mashine zote zenye akili, kuwatawala, au kuunganisha viumbe na mashine kuwa kitu kimoja. Mimi, niliyetoka kuwapatanisha geth na quarian saa chache tu kabla, niliisikiliza hoja ya mtoto huyo na hakuna mahali niliporuhusiwa kumwambia kwamba nimeona kinyume chake kwa macho yangu. Mdogo wangu, aliyetoka kushuhudia kabila zima likifutika kwa mkono wa lingine, aliiona hoja hiyo kuwa ni ukweli mchungu ambao mchezo ulikuwa umeuthibitisha. Alichokiona yeye ni hitimisho. Nilichokiona mimi ni mtu anayenihutubia bila kujua nilichofanya.

Ghadhabu ya mwaka 2012 haikuwa ya kwangu peke yangu. Casey Hudson, aliyeongoza utengenezaji, alikuwa amewaeleza watu kabla ya mchezo kutoka kwamba hawatapewa mwisho wa kuchagua A, B au C, na wachezaji wakapewa karibu hivyo hivyo, tena kwa filamu fupi zilizofanana isipokuwa rangi: nyekundu, bluu na kijani. Kulikuwa na waliokusanya zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya shirika la Child's Play linalopeleka michezo kwa watoto hospitalini ili kuonyesha kwamba hasira yao ina adabu, na kulikuwa na waliowatumia waundaji keki ndogo takriban 400 za rangi hizo tatu, zote zikiwa na ladha moja. Nikiri kwamba hilo la keki lilinifurahisha kuliko makala zote nilizosoma.

Juni 2012 BioWare walitoa bure nyongeza iliyorefusha mwisho, ambayo ndani ya Legendary Edition imeshaunganishwa. Anayecheza leo kwa hiyo haoni tulichokiona sisi. Zamani wenzako uliokuwa nao vitani London walijitokeza ghafla ndani ya chombo cha angani kinachokimbia, bila maelezo ya walivyopanda. Sasa kuna tukio la kuwaondoa. Zamani njia kuu za kusafiria kati ya nyota zilionekana kulipuka, na waliocheza kifurushi kimoja cha mchezo wa pili walijua mlipuko wa namna hiyo huangamiza mfumo mzima wa sayari. Sasa zimeharibika tu na zinaweza kutengenezwa. Imeongezwa pia njia ya nne, ya kukataa kabisa anayotaka mtoto, ambayo matokeo yake ni kushindwa kwa kila mtu. Niliijaribu kwa ukaidi, na sijutii.

Nje ya mwisho, kuna mambo ambayo hata shabiki mwenye mapenzi ya upofu atayakubali. Mazungumzo yamepunguzwa: Shepard husema maneno mengi bila kukuuliza, na unapoulizwa mara nyingi kuna majibu mawili tu, lile la upole na lile la ukali. Kazi nyingi ndogo hupatikana kwa kupita karibu na watu wanaozungumza na kusikiliza mambo yao, na daftari la kazi halikuonyeshi umefikia wapi. Ndoto za Shepard akimkimbilia mtoto msituni kwa mwendo wa kinyonga zilinichosha mara zote mbili. Na Kai Leng, adui anayekushinda kwenye sayari ya Thessia kwa kuwa filamu fupi imeamua akushinde, ni dharau kwa mchezaji aliyekwisha kumpiga.

Mapigano, kwa upande mwingine, ni mazuri kuliko ya michezo miwili ya kwanza, na hapa nampa mdogo wangu ushindi bila masharti. Uzito wa silaha unazobeba huamua kasi ya kurudi kwa nguvu zako za kipekee, kwa hiyo nilicheza na bastola moja nyepesi nikirusha nguvu mfululizo, huku yeye akibeba bunduki nzito kama anahama nyumba.

Kuhusu mtandao, mwaka 2012 mchezo ulikuwa na hesabu ya utayari wa galaksi iliyoanzia asilimia 50, na ilipandishwa hasa kwa kucheza na wengine mtandaoni. Kwa modemu niliyokuwa nayo wakati huo, ambayo salio lake liliyeyuka kabla ya mechi kuisha, tukio lile fupi la mwisho la Shepard kuvuta pumzi kwenye kifusi, lililoonekana tu kwa wenye hesabu kubwa, lilibaki kuwa hadithi ya watu wengine. Legendary Edition imeondoa sehemu ya wachezaji wengi na kuibadilisha hesabu hiyo, ikaweka na vifurushi vya nyongeza vilivyouzwa kando, akiwemo Javik, mtu wa mwisho aliye hai wa Prothean, kabila la kale lililoangamizwa na Reapers, ambaye awali aliuzwa kwa dola 10 siku ile ile mchezo ulipotoka. Kumkata mhusika mwenye uzito kiasi hicho na kumuuza pembeni kulikuwa ni tamaa tupu, na afadhali sasa yumo kwa wote. Kifurushi cha Citadel, chenye sherehe na mizaha ya kikosi kizima, kichezwe kabla ya kwenda kushambulia makao ya Cerberus, kundi la wanadamu linalompinga Shepard, maana baada ya hapo kicheko hakikai vizuri mdomoni.

Kwa mnunuzi wa leo, ushauri wangu ni kuuchukua mkusanyo wote na kutenga nafasi kubwa kwenye diski, kwa kuwa una ukubwa wa kumaliza kifurushi cha mwezi kwa usiku mmoja. Anayetaka mapigano na hadithi isiyomchosha anaweza kuanza na wa tatu, na huenda akaumaliza akiwa na furaha kuliko mimi nilivyokuwa mwaka ule. Anayeanza na wa kwanza atapata Tuchanka na Rannoch ambazo sijawahi kuona mfano wake katika mchezo mwingine, na atalipa gharama yake dakika kumi za mwisho.

Mdogo wangu ameanza wa kwanza mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza maishani, akilalamika kila siku kuhusu lile gari linalopinduka milimani. Juzi alinitumia picha akiwa amefika Virmire, Wrex amesimama ufukweni na bunduki mkononi. Hajaniambia alichofanya baada ya hapo, na sijamuuliza.