Pointi za hoteli: uzitumie wapi ukiwa unatokea Mbeya, Iringa au Njombe

Malalamiko ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini yanafanana. Mtu amelala hoteli kubwa kwenye semina za Dar na Nairobi miaka mitatu, amekusanya pointi elfu arobaini au hamsini, zile anazopewa mwanachama kila akilipia chumba ili baadaye alale bure, anakwenda kuzitumia na kuondoka anahisi amepunjwa. Mara nyingi kweli amepunjwa, ila alijipunja mwenyewe siku alipokubali kulinganisha na bei isiyo yake.

Hesabu iliyozoeleka ni kuchukua bei ya chumba kwa usiku pamoja na kodi, ukagawa kwa pointi zinazotakiwa. Tuseme programu ya simu inaonyesha chumba cha shilingi 480,000 au pointi 30,000. Pointi moja ni shilingi 16, unafurahi. Lakini ile 480,000 ni bei ya mgeni anayetokea Frankfurt. Hoteli nyingi nchini, hasa za Zanzibar na za mbugani, zina bei ya raia na wakazi ambayo kwenye programu ya simu huioni. Unaipata kwa kupiga simu hotelini na kuonyesha kitambulisho cha NIDA ukifika mapokezi. Kama bei hiyo ni 360,000, pointi yako imeshuka hadi shilingi 12.

Bado haijaisha. Usiku unaolipiwa kwa pointi hauzai pointi nyingine. Ungelipa 360,000 taslimu, ukitoa VAT ya asilimia 18 inabaki kama 305,000, sawa na dola 122 ukichukulia dola ni shilingi 2,500. Kwa mpango unaotoa pointi 10 kwa kila dola, umekosa pointi 1,220, yaani shilingi 14,640. Ziondoe kwenye 360,000, gawanya tena kwa 30,000: shilingi 11.50. Kutoka 16 hadi 11.50, na chumba ni kilekile, kitanda kilekile.

Kinachoudhi ni kwamba bei ya mkazi haitajwi mpaka uiulize. Mtu wa mauzo anakusikia kabisa unaongea Kiswahili cha Mwanjelwa, na bado anakutajia bei ya mgeni. Uliza hivi: "Bei ya raia kwa tarehe hizi ni kiasi gani, pamoja na VAT na kifungua kinywa?" Kisha uliza kama bei hiyo inaingiza pointi, maana si zote zinaingiza. Ndipo ufungue programu na kulinganisha.

Nyanda za Juu Kusini hatuna hoteli ya minyororo ya kimataifa inayotoa pointi hizi. Si Mbeya, si Iringa, si Njombe. Kwa hiyo pointi zako zitatumika safarini tu, na hapo ndipo mpangilio wangu, kutoka bora kwenda duni, unapoanzia.

Namba moja ni World of Hyatt, mpango wa uanachama wa hoteli za Hyatt, na sitajifanya sina upendeleo. Sababu ni moja: Hyatt bado wanachapisha jedwali linaloonyesha usiku mmoja ni pointi ngapi. Kila hoteli ina daraja lake na kila daraja lina viwango vyake, vinavyopanda na kushuka kwa msimu ndani ya mipaka inayojulikana. Hilton waliacha kuchapisha jedwali lao mwaka 2017. Marriott waliacha mwaka 2022. Kwa mtu anayekaa Dar, bei inayocheza kila siku ni kero ndogo tu, atasubiri ishuke. Wewe wa Tukuyu unapanga safari miezi miwili kabla, unasubiri parachichi zilipwe au likizo isainiwe, na unahitaji kujua leo lengo ni pointi ngapi. Hyatt Regency Dar es Salaam, The Kilimanjaro, iko Barabara ya Kivukoni ikitazama bandari, na kituo cha mwendokasi cha Kivukoni hakiko mbali. Ukilala kwa pointi, kodi na tozo ya huduma zimo humohumo. Park Hyatt Zanzibar nayo ipo Mji Mkongwe, lakini huko uliza kwanza kuhusu tozo ya miundombinu inayotozwa kwa kila usiku, isije ikakusubiri mapokezi. Kasoro ya Hyatt ni kwamba pointi zinaingia polepole, 5 za msingi kwa kila dola, na hoteli zenyewe ni chache. Pointi zinakufa baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti.

Ya pili ni ALL, mpango wa hoteli za kundi la Accor, kwa wanaokwenda Nairobi. Wengi wanaidharau kwa sababu haina maajabu: pointi 2,000 ni yuro 40, basi. Lakini hilo ndilo linaloua ugonjwa niliouelezea hapo juu. Yuro 40 hukatwa kwenye bili unayolipa wewe, hazilinganishwi na bei ya mtu mwingine. Ukipata bei nzuri, punguzo linabaki lilelile. Fairmont The Norfolk na Mövenpick ya Westlands zote zimo. Hatari yake ni muda: siku 365 bila kulala kwenye hoteli zao na pointi zinafutika. Anayekwenda Nairobi mara moja kwa miaka miwili asijisumbue kuzilimbikiza. Akifikisha 2,000, azimalize papo hapo.

Marriott Bonvoy naiweka ya tatu, na ningeiweka chini zaidi kama si usiku wa tano. Ukilipia kwa pointi siku tano mfululizo hoteli moja, siku yenye bei ndogo kuliko zote inatolewa bure. Hiyo inafaa kwa anayempeleka mgonjwa Muhimbili na kukaa wiki ya vipimo, au mfanyabiashara wa Kariakoo anayengoja mzigo bandarini. Ukilala siku nne umeacha pesa mezani. Ukilala sita, ya sita inalipiwa kamili. Four Points by Sheraton New Africa iko katikati ya jiji, karibu na kanisa la Azania Front. Kingine kizuri: unaweza kumhamishia mwenzako pointi hadi 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo mume na mke wenye vipande viwili visivyotosha waviunganishe. Zinakufa baada ya miezi 24 bila shughuli.

Hilton Honors ya nne. Nao wana usiku wa tano bure, ila ni kwa wenye daraja la uanachama la Silver kwenda juu, na pointi yao moja ni nyepesi. Usidanganywe na wingi wa tarakimu. Pointi 60,000 za Hilton na 60,000 za Hyatt ni kama gunia la pumba na gunia la mchele.

Ya tano ni kugeuza pointi za hoteli kuwa maili, yaani pointi za mashirika ya ndege. Marriott wanatoa maili 1 kwa pointi 3, na ukihamisha 60,000 kwa mpigo wanakuongezea 5,000, unapata 25,000. Kwa hiyo usihamishe vipande vipande. Emirates, Qatar, Turkish na Flying Blue ya KLM wamo, na wote wanatua Dar. Hamisha tu kama umebakiza maili chache kufikia tiketi uliyoiona kwa macho yako, maana zikishahama hazirudi. Hilton kwa kawaida ni 10 kwa 1. Usiguse.

Kubadilisha pointi kwa vocha za maduka, redio au mabegi: hapana. Kununua pointi kwa bei ya kawaida: hapana kabisa. Marriott wanauza 1,000 kwa dola 12.50, yaani zaidi ya shilingi 31 kwa pointi ambayo kwenye mfano wetu wa hapo juu inakurudishia 11.50. Hata mchuuzi wa stendi ya Makambako anaona haya kuuza hivyo.

Sasa yanayoharibu mambo hata ukichagua vizuri. La kwanza, mara nyingi pointi haziingii kama chumba kiliwekwa na wakala au tovuti ya kati, au kama mwandaaji wa semina alilipa vyumba vyote kwa bili moja. Muulize mwandaaji kabla ya kuondoka nyumbani, na utoe namba yako ya uanachama mapokezi unapoingia, usingoje siku ya kuondoka. Jina la akaunti lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Tunza bili ya hoteli. Wiki mbili zikipita kimya, dai.

La pili, usilale kwa pointi kwenye safari ya kikazi inayorejeshewa gharama. Usiku wa pointi hauna risiti ya EFD ya chumba, na mhasibu wako hatakuelewa ukienda kurejesha masurufu. Ziweke kwa safari zako mwenyewe.

La tatu ni basi. Chumba kinafunguliwa saa nane au saa tisa mchana. Ukipanda basi la usiku Mbeya unashuka Mbezi asubuhi, na pointi zako zinaanza kazi mchana wakati wewe umesinzia kwenye kochi la mapokezi na begi mapajani. Panda la alfajiri, ufike jioni na kulala usiku uliolipia. Halafu kuna mlima Kitonga. Lori likikwama kwenye kona zile, foleni haina adabu. Usipotokea usiku wa kwanza hoteli inaweza kukuandika hukufika, ikafuta na siku zilizobaki, na pointi zisirudi. Kabla hujatoka nyumbani andika namba ya simu ya hoteli yenyewe, si ya kituo cha kimataifa cha wateja. Ukiona msururu umesimama Ilula, piga hapohapo kabla mtandao haujakatika, useme utachelewa lakini unakuja, na uchukue jina la aliyepokea simu.