Kiegemeo cha Miguu cha Abiria: Tathmini ya Seti ya Alumini kwa Magari ya Spoti ya Kujiundia

Mtu anayejiundia gari la spoti nyumbani hupeleka fikra zake nyingi upande wa dereva, kwa kuwa huko ndiko kuliko na usukani, pedeli na dashibodi, na upande wa abiria hubaki na kiti, mkanda na sakafu tupu. Seti ninayoitathmini hapa imekusudiwa kuujaza utupu huo kwa kiegemeo cha miguu, yaani bamba la mshazari ambalo abiria hulikanyagia. Ndani yake mna bamba la alumini lenye unene wa milimita 3 ambalo limekwisha kukunjwa, mikono miwili ya kulishikilia, bolti, nati na skrubu, na mnunuzi huvifunga mwenyewe. Nimeifunga kwenye gari la viti viwili lenye fremu ya mabomba ya mraba ya chuma na sakafu ya bati jembamba la alumini, na naona kwamba bamba lake limetengenezwa kwa umakini kuliko vifungio vilivyokuja nalo, na kwamba pembe yake haina budi kurekebishwa kabla ya kutoboa tundu hata moja.

Magari ya namna hii yanafuata umbo la Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alilitoa mwaka 1957 na ambalo nchini Uingereza liliuzwa likiwa vipande, mnunuzi akaliunganisha mwenyewe na hivyo kuepuka kodi iliyotozwa kwa magari yaliyokamilika. Kampuni ya Caterham ya Uingereza ilichukua haki za kuliunda mwaka 1973, na tangu hapo mafundi wengi wa nyumbani wameendelea kuliiga. Nafasi ya miguu katika umbo hilo ni ndefu na nyembamba, na urefu wake hupangwa kwa kumfikiria dereva, ambaye pedeli zake zinamfuata alipo. Upande wa abiria hakuna kinachomfuata. Mtu mrefu kidogo huweza kugusa ukuta wa mbele kwa vidole vya miguu, lakini mfupi hukaa miguu ikielea, akawa hana pa kujizuia gari linapofunga breki au kukata kona.

Jambo hilo si la starehe tu. Gari jepesi lenye matairi mazuri huweza kufunga breki kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe, na hapo abiria wa kilo 75 husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban nyutoni 735. Mkanda hubeba sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini abiria aliyepata pa kukanyaga hubaki amekaa vizuri kitini, nyonga zake zikiwa nyuma na mkanda wa kiunoni ukiwa umelala juu ya mifupa ya nyonga pale unapotakiwa kuwa. Asiyepata pa kukanyaga huteleza mbele kidogo kidogo, mkanda ukapanda tumboni, na kwenye kona hubana goti lake kwenye kasha la giaboksi hadi lipate moto na maumivu. Kwa sababu hiyo nakipima kiegemeo cha miguu kwa ukali uleule ninaoutumia kupimia kiti.

Nianze na bamba, ambalo ndilo sehemu bora ya seti. Mkunjo wake ni wa mviringo laini wala hauna ufa hata ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, dalili kwamba mtengenezaji ametumia alumini inayokubali kukunjwa. Si kila alumini inakubali: aina ya 5251 au 5052 hukunjika bila kulalamika, ilhali 6082 iliyokwisha kupashwa moto na kukomazwa kufikia hali ya T6 hupasuka kwa urahisi ikikunjwa kwa kona kali, na ufa wa namna hiyo hukua taratibu kwa mtikisiko wa barabara. Ukingo wa juu umekunjwa kurudi nyuma kwa upana wa kidole, kwa hiyo hakuna makali yanayoelekea kwenye muundi wa abiria. Ukingo wa chini nao unashuka hadi karibu na sakafu, na hilo ni jambo ambalo viegemeo vingi vya kujitengenezea hulikosa. Kiegemeo kinachoacha uwazi mkubwa chini huruhusu kisigino kuteleza na kuingia nyuma yake, na mguu ulionaswa hapo wakati wa ajali huvunjika vibaya.

Uzito wake pia ni wa kuridhisha. Bamba lenye upana wa milimita 300, kimo cha milimita 200 na unene wa milimita 3 lina uzito wa takriban gramu 490 likiwa la alumini, na gramu 1,400 likiwa la chuma cha vipimo hivyohivyo. Katika gari ambalo mwundaji anahesabu kila gramu, tofauti ya karibu kilo moja kwa kitu kisichoonekana ni kubwa. Wapo wanaotengeneza kwa mbao za tabaka, na sina ubaya nazo zikipakwa rangi vizuri pande zote, ila gari lisilo na paa hunyeshewa mara kwa mara, na ukingo wa mbao uliolowa huanza kufumuka tabaka baada ya tabaka.

Sasa niingie kwenye kasoro, na ya kwanza ni pembe. Bamba likifungwa kama maelekezo yanavyosema linasimama kwa nyuzi 45 kutoka sakafuni. Pembe hiyo ingemfaa mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa mbele kidogo. Katika gari la spoti abiria amekaa karibu na sakafu, miguu imenyooshwa, na muundi umeinuka nyuzi 20 hadi 25 tu kutoka sakafuni. Ukitaka unyayo uwe wima dhidi ya muundi, jinsi kifundo cha mguu kinavyopumzika, bamba linatakiwa kusimama kwa nyuzi 65 hadi 70. Kwa nyuzi 45 abiria anasukuma kwa vidole, na baada ya mwendo mrefu misuli ya shavu la mguu huanza kukaza. Nimeirekebisha kwa kufupisha mikono ya nyuma na kutoboa matundu mapya, kazi isiyohitaji zaidi ya msumeno wa chuma, tupa na drili, lakini mnunuzi asiyetarajia kazi hiyo atakuwa na haki ya kuudhika.

Njia ya uhakika ya kupata pembe na umbali ni kumkalisha abiria kwenye kiti chenyewe, mkanda ukiwa umekazwa kama safarini, kisha kuegemeza kipande cha kadibodi ngumu kwenye nyayo zake na kukisogeza mpaka aseme hapo ndipo. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo, kwa maana mguu ulionyooka kabisa hupeleka pigo lote nyongani. Weka alama ukutani, mtoe abiria, pima. Rudia kwa mtu mfupi na kwa mtu mrefu zaidi utakaowabeba, na hapo utaona kwamba tofauti kati yao huweza kuzidi sentimita 10, kiasi ambacho hakuna bamba lililofungwa mahali pamoja linaloweza kukikidhi.

Seti inajaribu kulitatua jambo hilo kwa nafasi ndefu zilizochongwa kwenye mikono, ambazo ndani yake bolti husogezwa mbele na nyuma na kukazwa kwa nati zenye masikio. Wazo ni zuri, utekelezaji umekosea. Nati ya masikio hukazwa kwa vidole, na nguvu ya vidole haitoshi kuzalisha msuguano wa kuzuia bamba lisiteleze pale mtu mzima anapolisukuma kwa miguu miwili. Nilipolijaribu kwa kusukuma kwa nguvu nikiwa nimekaa kitini, bamba lilirudi nyuma taratibu likikwaruza rangi ya mikono, likaacha mistari miwili inayong'aa. Nimeziacha nafasi zile ndefu na badala yake nimetoboa safu ya matundu yaliyoachana kwa milimita 40, bolti za M8 (za kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu 8.8 zikapita moja kwa moja. Sasa kulisogeza bamba kunahitaji spana, lakini abiria akikanyaga haliendi kokote, na kwangu mimi hilo ndilo la kwanza.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Maelekezo yanataka mikono ifungwe sakafuni kwa skrubu zinazojichimbia. Bati la sakafu la milimita 1.5 hutoa nafasi ya uzi mmoja au miwili tu wa skrubu kushika, na sakafu yenyewe inapinda ikikanyagwa. Mzigo wa kurudiarudia huyapanua matundu hayo mpaka skrubu zinatoka kwa mkono. Skrubu zile hazifai kutumika kabisa. Mahali pake panahitaji bolti za M6 zenye nati zenye pete ya nailoni, na chini ya sakafu kipande cha bamba la milimita 3 cha kusambaza mzigo, kikubwa kiasi cha kufunika bolti zote mbili za kila mkono. Matundu yawe mbali na ukingo wa bamba angalau mara mbili ya kipenyo chake. Vizuri zaidi, kama fremu bado haijapakwa rangi, ni kuchomelea vishikizo vidogo kwenye bomba la fremu na kuviacha vikisubiri, kwa sababu kutoboa bomba lenyewe baadaye hulidhoofisha na kuingiza maji yatakayolila kwa ndani. Kabla ya drili kuzunguka, lala chini ya gari uangalie mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi.

Alumini inapogusana na chuma penye unyevu huliwa, kwa hiyo maungio yote niliyapaka praima na rangi kabla ya kufunga. Kuna wanaoweka mpira kati ya bamba na mikono ili kuzuia kelele; mimi sipendekezi, kwani mpira unaobanwa na bolti huendelea kubonyea na mkazo wa bolti hupotea. Kelele huondoka ukiacha uwazi wa milimita 10 kati ya bamba na kuta za pembeni. Uso wa bamba lililonyeshewa unateleza, na utepe wa kubandika wenye chembechembe za mchanga unatosha kulimaliza tatizo hilo.

Nyuma ya bamba hubaki nafasi ya pembetatu, na kishawishi cha kuhifadhi vitu humo ni kikubwa. Kisanduku cha fyuzi au kompyuta ya injini inaweza kukaa humo ikiwa imefungwa vyema na nyaya zake zimevishwa bomba la kuzikinga zisikatwe na kingo za alumini. Kitu kilichoachwa huru kisiwekwe.

Baada ya marekebisho hayo nilisimama kwenye bamba kwa uzito wangu wote, kisha nikamwomba abiria alisukume gari likifunga breki kwa nguvu mahali pa wazi. Halikutikisika, wala sakafu haikupinda. Seti hii namshauri mtu asiye na mashine ya kukunja bati ainunue, akijua kwamba analipia bamba na mikono na kwamba vifungio atatafuta mwenyewe. Mwenye mashine hiyo, au mwenye rafiki anayechomelea alumini, atapata kitu bora zaidi kwa kukata kutoka bamba zima, kwa vipimo vya gari lake na vya watu atakaowabeba. Kwa vyovyote vile, bolti zikaguliwe kwa spana baada ya safari chache za kwanza, kwa kuwa rangi iliyo chini ya washa, ile pete bapa inayokaa chini ya nati, hujikandamiza na kulegeza mkazo.