Uzoefu wangu wa kukaa na mbwa mwoga kituoni: Shwari bado hajapata wa kumchukua

Wengi wetu hapa Mombasa twajua kwamba mbwa aliyeokotwa mtaani anaweza kupelekwa kituo cha kuhifadhi wanyama. Lisilojulikana sana ni kwamba unaweza kumsaidia hata kama huna pa kumweka. Kituo ninachokwenda mimi, huku Bara Kaskazini, hupokea watu wa kujitolea wa kukaa na mbwa wanaowaogopa binadamu, ili wawe wamezoea watu kabla hajatokea wa kuwachukua. Hulipi na hulipwi. Nilianza kabla ya mvua za masika na sasa karibu kila Jumamosi asubuhi niko huko. Naandika kwa sababu huduma yenyewe ni nzuri na ina watu wachache mno, na kwa sababu kuna mbwa jike mmoja, Shwari, ambaye kila mgeni humpita.

Shwari ni mbwa koko wa Pwani hasa: miguu mirefu, kifua chembamba, manyoya mafupi ya hudhurungi, mkia uliopinda. Ncha ya sikio lake la kushoto imekatwa, alama ya kuonyesha kwamba ameshafungwa kizazi. Daktari wa mifugo alimtazama meno akamkadiria miaka miwili hivi. Aliletwa kutoka Kongowea, alikokuwa akilala chini ya mikokoteni na kula matumbo ya samaki yaliyotupwa jioni. Mama karanga mmoja ndiye aliyepiga simu kituoni alipoona hawezi tena kuukanyaga mguu wa nyuma. Mguu ulitibiwa ukapona. Hofu ndiyo iliyobaki.

Hofu yake haina makelele. Mgeni akiingia, mbwa wengine huruka wavuni, hubweka, hupiga mikia mpaka mwili mzima unatikisika. Shwari huenda kona ya mwisho, akaupa ukuta uso wake, akajikunja na kubaki vivyo hivyo hadi nyayo zipotee. Familia iliyokuja na watoto kuchagua mbwa haiwezi kulaumiwa ikimchagua yule anayeruka. Lakini matokeo yake ni kwamba wachangamfu hukaa wiki chache wakaondoka, na mwoga huona majirani zake wakibadilika huku yeye akibaki palepale. Na kadiri anavyokaa, ndivyo makelele ya mahali penyewe yanavyomzidishia woga. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mafunzo unayopewa mwanzoni ni mafupi lakini ya maana. Mzee mmoja mhudumu, ambaye amewalea mbwa wengi kuliko ninavyoweza kukisia, aliniingiza kizimbani akaniambia, "Mwanangu, usimwite. Usimtazame machoni. Keti chini, mpe ubavu, fanya kazi yako. Yeye mwenyewe ataamua." Basi. Mimi hushona kofia, kwa hiyo nikachukua kitambaa na sindano yangu, nikaketi kwenye saruji na kuendelea kutoboa na kudarizi. Kazi ya kofia inafaa sana hapa: mikono haina haraka, macho yako chini, na saa nzima hupita bila wewe kumtaka mbwa jambo lolote.

Nilijifunza pia kusoma mwili wake. Mbwa akipiga miayo bila usingizi, akijilamba pua bila chakula, akigeuza kichwa pembeni au akionyesha weupe wa macho, anaomba nafasi. Mkia ukiingia katikati ya miguu, rudi nyuma. Akinguruma, usimkaripie, kwa sababu mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kunyamaza huenda akaruka onyo akauma moja kwa moja. Usimpitishie mkono juu ya kichwa. Akikubali kuguswa, anza chini ya kidevu au kifuani. Haya ningependa yafundishwe katika kila mtaa wetu, kwa sababu watoto wengi huumwa na mbwa waliokuwa wameshaomba kuachwa.

Shwari alianza kwa kutokula kabisa nikiwapo. Bakuli lilikuwa likiguswa nikishatoka tu. Baadaye akawa anakula nikimpa mgongo. Kisha asubuhi moja nilisikia pumzi kwenye kisigino: alikuwa akinusa kandambili zangu. Sikugeuka. Kwa kweli niliacha hata kuvuta uzi. Siku hizi huokota kipande cha ini karibu na goti langu, hulala hatua moja kutoka kwenye kikapu, na nikinyanyuka kuondoka hunyanyuka na yeye. Mara ya kwanza alipofanya hivyo nililia njia nzima ndani ya tuktuk. Bado kuna mambo hayawezi. Mwanamume akishika fagio la mti mrefu, Shwari hujikojolea. Embe likidondoka juu ya mabati, hutetemeka kwa muda mrefu. Kila mtu aliyewahi kumwona mbwa akifukuzwa sokoni kwa rungu anaweza kukisia asili ya hayo.

Sasa nizungumzie jambo ambalo najua wasomaji wengi wa hapa watauliza. Mimi ni Mwislamu, naishi ghorofani Tudor, na nyumbani simleti mbwa. Nimeulizwa na shangazi zangu, na jirani yangu mmoja aliniuliza usoni, "We, dada, na swala zako?" Hili nimelishika kwa uzito wake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na yakikugusa unaosha mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haunajisiki. Kwa hiyo huenda na buibui kuukuu na nguo za kubadilisha, ini naliweka sakafuni badala ya kulilisha mkononi, na kituoni kuna bomba na udongo wa kutosha. Naosha, nabadilisha, na adhuhuri hunikuta tohara. Suala la tohara lina utaratibu wake, na suala la kumhurumia kiumbe lina lake. Tangu madrasa tumesimuliwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akila tope kwa kiu, na Mungu akamsamehe kwa hilo. Mbwa wa ulinzi na wa mifugo ana ruhusa. Wa kupigwa mawe kwa kuwa tu ni mbwa, hana ruhusa yoyote ninayoijua, na sheria ya nchi, Sura ya 360, nayo inakataza ukatili kwa wanyama.

Upande wa afya, kituo nakipa alama za juu. Kabla ya kukuruhusu kuingia vizimbani wanakuonyesha kadi ya chanjo ya mbwa utakayekaa naye, na mimi nashauri uiombe hata wasipokuonyesha. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo kufikia 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo. Kila koko anayeingia kituoni na kutoka akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi ni mchango kwa mtaa mzima, hata kwa wasiompenda mbwa. Na ukiumwa popote pale, na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Kupe na minyoo pia wanashughulikiwa vizuri, jambo la lazima huku kwetu kwenye joto na mbu, maana mbu ndio wanaoeneza minyoo ya moyo kwa mbwa.

Chakula ni ugali uliochanganywa na dagaa au matumbo. Nilifurahi kuona unga ukikaguliwa kabla ya kupikwa, kwa kuwa wapo watu wanaodhani unga ulioingia ukungu ni wa mbwa. Sumukuvu huua ini la mbwa kama inavyoua letu. Mifupa iliyopikwa hawapewi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha.

Penye upungufu niseme pia. Vizimba vya waoga viko karibu na lango, mahali ambapo pikipiki na malori ya chakula hupita, na paa ni mabati matupu. Wangehamishiwa nyuma, chini ya mwembe upande usiozaa, nusu ya kazi ingekuwa imefanyika. Simu haipokewi kila wakati. Na picha ya Shwari waliyoiweka kwa ajili ya wanaotafuta mbwa inaonyesha mgongo wake tu, hivyo hakuna anayejua kwamba ana macho ya rangi ya asali. Nimeyasema haya kwa wahudumu ana kwa ana, nao wameyapokea kwa heshima, ila watu ni wachache na mbwa ni wengi.

Kuhusu kumchukua mbwa, utaratibu wao ni mrefu kuliko wengi wanavyotarajia, na mimi nauunga mkono. Wanauliza kama ua wako umezungushwa, nani hubaki nyumbani mchana, kama mwenye nyumba ameridhia ikiwa umepanga. Mtu huja kutazama mahali. Unalipa ada inayosaidia gharama za chanjo na upasuaji, na unatia sahihi kwamba ukishindwa utamrudisha kituoni badala ya kumwachilia barabarani. Nimemsikia bwana mmoja akilalamika kwamba hata posa haina maswali hivyo. Lakini mbwa mwoga akitoroka siku ya pili Mtwapa asikokujua hatapatikana, na atakuwa amerudi alikotoka akiwa hana hata mama karanga wa kumpigia simu.

Shwari hafai kila nyumba, na ningependa anayesoma haya ajipime kwa ukweli. Hafai nyumba yenye watoto wadogo wanaokimbia, wala ua ulio kando ya stendi ya matatu. Usimchukue ukitaka mbwa wa kubweka getini kesho usiku. Atakapokuwa wako atakaa siku za mwanzo chini ya meza au nyuma ya tangi la maji, huenda asile, na utahitaji kumwacha. Watu wa vituo hupenda kusema siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Kwa Shwari mimi ningeongeza muda katika kila hatua. Mtembeze kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, maana anaweza kuchomoka akishtuka. Fataki za Diwali na za mwaka mpya, mfungie chumba cha ndani. Anafaa sana mtu mzima mwenye kiwanja tulivu, Kikambala au hata shamba la minazi huko Kilifi, hasa kama tayari kuna mbwa mwingine mpole. Akiwa na mbwa wenzake Shwari ni mwingine kabisa. Hucheza, huinama kwa miguu ya mbele akiwaalika, na kwa muda huo husahau kwamba kuna watu wanatazama.

Nikipata siku moja nyumba yenye ua wangu mwenyewe na kibanda chake nje, sitaacha jina lake likae kwenye orodha. Kwa sasa sina, na yeye hana muda wa kuningoja.

Ukitaka kumwona, nenda saa tatu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na kabla wageni hawajaanza kuingia. Usiishie kwenye vizimba vinavyobweka. Mwambie mzee mhudumu kwamba umekuja kwa ajili ya Shwari, naye atakupeleka. Chukua maini ya kuku yaliyochemshwa, bila chumvi na bila kitunguu maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chukua kazi ya mkono au gazeti. Panga kukaa saa nzima, na panga kurudi wiki inayofuata.