Mashine ndogo ya kukerezea vyuma: kisu cha hai-spidi au cha kabaidi?

Anza na hai-spidi, yaani kisu cha chuma cha pua kigumu kinachobaki na makali hata kikipata moto. Unakinoa mwenyewe kwenye grainda, ukikichovya majini kila kinapopata moto, mpaka makali yashike ukucha. Kwa chuma laini chenye kipenyo cha milimita 20, mizunguko kama 480 kwa dakika inatosha, na nyuzi za chuma hutoka zimejisokota vizuri.

Kabaidi, yaani kisu chenye ncha ya mchanganyiko mgumu sana wa tungsteni na kaboni, huvumilia joto kali zaidi, lakini hutaka kasi: chuma kilekile kingehitaji mizunguko kama 1,600, na mota ndogo hulemewa. Tena humeguka ncha upesi kikigonga kipande chenye pembe. Mimi hukitumia kwa chuma cha kusubu tu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga), maana ganda lake lenye mchanga humaliza makali ya hai-spidi mara moja.