Mapitio: chujio la mchanga, mkaa wa mifupa na chungu cha fedha kwa maji ya Arusha

Chujio hili lina sehemu tatu: ndoo ya mchanga, kopo la mkaa wa mifupa, na chungu cha udongo kilichopakwa chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha. Kwa anayekaa Maji ya Chai, Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu tunalipendekeza, ila kwa sharti la mkaa, ambalo tutalieleza. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana balaa mbili zisizofanana: vimelea vya kuhara na taifodi, na floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, itokayo kwenye miamba ya volkano. Mchanga na fedha haviigusi floraidi; kazi hiyo ni ya mkaa. Kuchemsha huizidisha, kwani maji hupungua nayo ikabaki.

Mchanga ndio uzuri wa chujio hili. Juu yake hujengeka utando wa vijidudu vinavyokula vimelea vya magonjwa. Utando hukomaa kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo maji ya mwezi wa kwanza yachemshwe. Koki ikiacha kutoa, juu ya mchanga yabaki maji ya kina cha sentimita 5: yakizidi, hewa haivifikii vijidudu, yakipungua, utando hukauka. Mimina kila siku, pumzisha angalau saa moja kabla ya kumimina tena, na usipitishe saa 48. Maji yakianza kusuasua, koroga yale ya juu kwa mkono, uchote tope, basi. Ukiuosha mchanga wote, umerudi mwezi wa kwanza. Maji ya bomba yenye klorini nayo huuua utando. Yaache wazi kwenye ndoo pana usiku kucha.

Sasa mkaa. Mzuri ni mweusi au wa kijivu na hauna harufu. Wenye harufu ya nyama haukuiva. Uliokuwa mweupe kabisa umeungua kupita kiasi na unanasa floraidi kidogo. Uoshe hadi maji yatoke bila weusi, kisha piga hesabu. Familia inayotumia lita 20 kwa siku, maji yakiwa na miligramu 6 za floraidi kwa lita, ili yashuke hadi 1.5, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mkaa lazima unase miligramu 90 kila siku, yaani gramu 2.7 kwa mwezi. Mwulize muuzaji kilo moja ya mkaa wake inanasa gramu ngapi. Asipojua, hajui hata siku ya kuubadilisha, na ulimi wako hautakwambia, maana floraidi haina ladha wala harufu. Peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kununua, kisha rudia mara kwa mara.

Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alipata tuzo ya Africa Prize for Engineering Innovation mwaka 2015 kwa chujio la mchanga na nano linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Muuzaji asiyeuliza maji yako yanatoka wapi ameruka hatua hiyo.

Angalia pia mpangilio. Mkaa ukae kabla ya chungu, kwa sababu bakteria huweza kuzaliana ndani yake; ukiwekwa mwisho, utayachafua maji yaliyokwisha safishwa.

Chungu kipitishe lita 1 hadi 3 kwa saa. Kikipitisha zaidi ya hapo, huenda kina ufa, hata kama huuoni. Mwaga maji ya ujazo wa kwanza na wa pili, yana fedha nyingi. Kisugue kwa brashi laini na maji matupu: sabuni huziba vitundu, klorini na maji ya chumvi huiondoa fedha. Virusi ni vidogo mno, huweza kupenya vitundu hivyo, kwa hiyo kuhara kukivuma mtaani, tia dawa ya klorini kwenye ndoo ya mwisho, yenye mfuniko na koki, kamwe si juu ya mchanga.