Fundi wa Moshi aliyesoma logi kabla ya kushika bisibisi

Nachora ramani za mashamba ya kahawa kwenye kompyuta ya FreeBSD, mfumo endeshi kama Windows ilivyo. Kwa wiki tatu, kila nikifungua ramani kubwa, kioo kilikuwa cheusi, kisha narudishwa pa kuandika nenosiri. Kazi yote imepotea.

Fundi wa kwanza alifungua boksi, akapuliza vumbi, akasema mazabodi imekufa. Nusura ninunue mashine nyingine kwa pesa nisizokuwa nazo.

Wa pili ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni. Aliuliza, "Dada, kioo kikizima, feni inaendelea kuzunguka?" Ndiyo. "Basi tusifungue boksi kwanza." Akaingia kwenye mashine yangu kutoka laptopu yake kwa ssh, njia ya kuandikia kompyuta nyingine amri kupitia mtandao, akaniambia nifungue ramani. Kioo kikawa cheusi, lakini yeye akaendelea kuandika amri na kujibiwa. Kilichoanguka ni seva ya X peke yake, yaani programu inayochora picha kwenye kioo. Madirisha yote yanaitegemea, ndiyo maana yanaondoka nayo.

Kisha akafungua Xorg.0.log.old, mojawapo ya logi za seva hiyo, faili inamoandika yanayotokea. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea siku zote! Seva ikiwaka upya huanza logi mpya, na ile ya ajali hupewa jina la .old. Mimi nilikuwa nasoma Xorg.0.log, logi ya seva iliyo salama, nikitafuta kosa lisilokuwemo. Mwisho wa ile ya zamani kulikuwa na mistari ya (EE), alama ya kosa, na signal 11, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa; juu yake intel_drv.so, faili la draiva (programu ya kuendesha kadi ya picha), imejirudia.

Miaka ya nyuma niliweka faili kwenye xorg.conf.d, folda ya mipangilio ya seva, la kulazimisha draiva ya "intel", nikalisahau. Alitunza nakala yake, akahakikisha kwa amri ya kldstat kwamba i915kms, sehemu ya mfumo inayoendesha picha za Intel, imepakiwa, ndipo akabadilisha neno moja tu: "modesetting", draiva inayokuja na seva yenyewe tangu toleo la 1.17.

Nililipa elfu thelathini. Yuko peke yake, kwa hiyo nilisubiri tangu asubuhi mpaka saa kumi. Na nikisogeza ramani haraka, picha inakatika kidogo katikati. Alinitahadharisha mapema, nami naona ni bei ndogo. Amri zote aliniandikia kwenye karatasi, nimeibandika ukutani.

Jana nimechora Kibosho hadi saa tano usiku, kioo hakijazima hata mara moja.