E.T. Mensah au Fela Kuti: uanze na yupi?

Kwa anayeanza kusikiliza muziki wa Afrika Magharibi, ushauri wangu ni Mensah kwanza. Mfamasia huyu, aliyezaliwa Accra mwaka 1919, aliongoza bendi ya The Tempos, na highlife yake (mtindo wa muziki wa Ghana) ni ya ukumbi wa dansi hasa: tarumbeta na saksafoni mbele, mapigo yenye ladha ya kalipso ya Karibiani, wimbo wa dakika tatu hivi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alipozuru Accra mwaka 1956, walipiga pamoja. Ziara za The Tempos nchini Nigeria ziliwabadilisha wapigaji wa huko, na hata Fela, mwanamuziki wa Nigeria, alianzia kwenye highlife.

Afrobeat, mtindo alioubuni Fela baadaye, inadai subira. Mpiga ngoma wake, Tony Allen, anachapa bila kutulia, gitaa linarudia kipande kilekile, na huenda ukasubiri dakika kadhaa kabla ya kusikia sauti ya mwimbaji. Ikija, inawasema watawala waziwazi, kwa pijini inayoeleweka na wengi. Mwaka 1977 wanajeshi waliichoma nyumba yake Lagos.

Unayetaka kucheza leo, chukua Mensah. Anayetafuta muziki wenye hasira ya haki, Fela hana mpinzani.